Kifuniko Kikavu

Mbiu ya mgambo ilie, mabibi na mabwana! Mchana wa siku ya tatu ya likizo, msomi Chizuru wa shule ya bweni alifanya uchunguzi mzito wa kisayansi katika mji wa kale wa Orikawa. Yaani alifuta kifuniko cha bakuli la supu kwa sweta lake.

Baba yake alikuwa amevuka mlima tangu juzi, kwa miguu, kwa njia ya zamani ya mawe. Kila mchana Bibi Tokie alimwandalia chakula mahali pake kana kwamba yupo, kama watu wa Orikawa walivyowaandalia wasafiri wao tangu enzi za farasi. Supu ikikaa kidogo, kifuniko hufunuliwa. Kikiwa na matone kwa ndani, msafiri yu salama. Kikiwa kikavu... watu wa Orikawa hawaimalizi sentensi hiyo.

Bibi alipokwenda nyuma kuchukua figili, Chizuru alifanya mambo yake, kisha akaketi kwa adabu kama mtawa, kicheko amekibana mbavuni.

Bibi akarudi, akafunua. Akapitisha kidole gumba ndani ya kifuniko, mara mbili. Alivaa koti, akachukua fimbo.

"Wapi tena, Bibi?"

"Kumtafuta baba yako."

"Na ukungu huu? Na goti lako hilo?"

"Goti nakwenda nalo, sikuachii wewe."

Barabara ilikuwa kimya, milango yote ya mbao imefungwa, nyumba za juu zimemezwa na ukungu. Jirani yao, mzee Kisaburo, alikuwa akifagia majani.

"Bi Tokie! Mbio hizo, umepata mchumba?"

"Kikavu," alijibu Bibi.

Ufagio ukasimama.

"Kama mwaka ule wa mumeo," mzee alisema taratibu. "Ningoje, nilete kamba."

Bibi hakungoja. Chizuru alimkimbilia, akamfikia pale mawe yanapoanza kupanda msituni. Yalikuwa yanateleza. Fimbo ya Bibi ilikwishamponyoka mara moja, na goti lilikuwa likitetemeka.

"Rudi, Bibi! Baba hana neno!"

Bibi akageuka. "Umejuaje?"

Chizuru, aliyekwisha kuwazungusha walimu wanne na mlezi wa bweni, akainamia mawe.

"Nakuuliza, mjukuu wangu. Umejuaje?"

"Nilikifuta mimi. Ulipofuata figili. Nilitaka tucheke tu."

Bibi hakumpiga wala hakumkaripia. Alimsogelea hadi pumzi zao zikakutana.

"Kabla hujakifuta, kilikuwa na matone?"

Chizuru alishika mkono wa sweta lake. Ulikuwa umelowa, lakini ndani ya ukungu ule kila kitu kilikuwa kimelowa.

"Sema."

"Sikuangalia, Bibi."