Kompyuta Iliyomtii Fundi Peke Yake

Fundi Beda alikuwa amepiga magoti chini ya meza, akichomoa waya wa intaneti, na Bi. Mwanvua amesimama nyuma yake akimmulikia kwa tochi. Lilikuwa jaribio la nne tangu asubuhi. Fundi akatoka, akailaza kompyuta, kioo kikazimika bila mashine yenyewe kuzimwa, akakunja mikono na kungoja. Dakika tano zikapita. Kompyuta imelala fofofo.

"Imelala, mama," alisema kwa sauti yake ya chini.

"Inakuogopa wewe. Ngoja uende kunywa chai uone."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila Beda alipoilaza, ililala. Kila alipotoka na Bi. Mwanvua akailaza mwenyewe, iliamka kabla mama wa watu hajafika mlangoni pa steshenari yake. Kukataa kulala huko ndiko kulikompandisha fundi gari kutoka Kilosa mpaka Mikumi.

Wala si jambo la mchezo. Nyuma ya pazia kulikuwa na mashine ya kutotoleshea vifaranga, mayai sitini, siku ya kumi na tisa, nayo ilikula umeme wa betri ileile ya sola iliyoendesha kompyuta. Kompyuta ikikesha macho, betri huisha. Juzi iliisha kabla ya magharibi, Bi. Mwanvua akayafunika mayai kwa mablanketi kama mtoto mwenye homa. Kuizima kompyuta kabisa mchana hakutaka: ni kuukuu, kuwaka kwake robo saa, na mteja hangoji wakati kuna steshenari nyingine ng'ambo ya barabara.

Beda hakusomea ufundi chuoni. Alijifunza kwao Chanzuru, kwa kufungua kompyuta zilizokufa, na alikuwa na desturi moja: kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha kuandika daftarini. Fundi mwingine angesema mama anakosea kubonyeza. Beda alisogeza kigoda mlangoni, akamwomba afanye kila anachofanya akiwa peke yake, asiruke kitu.

Bi. Mwanvua akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Kisha akachukua kitambaa cha kufuma kilichokuwa kwenye egemeo la kiti, cheupe chenye maua ya waridi na matamvua marefu, kazi ya mkwewe Naomi. Akakikung'uta, akakitandaza kutoka kwenye kioo hadi kwenye kibodi. Mwisho akainua mausi, akayaingiza matamvua chini yake ili feni ya dukani isikipeperushe.

Maua ya waridi yakawaka kutoka ndani.

Beda alisogea, akainama. Feni inageuka, kitambaa kinavimba, matamvua yanacheza chini ya ile taa nyekundu ya mausi, na kompyuta inadhani imeitwa kazini. Akacheka bila sauti, mabega tu.

"Mbona hukuniambia habari za kitambaa, mama?"

"Hukuuliza. Wewe kila ukija unaivua mashine ya watu, unakaa nayo uchi."

Beda akafungua daftari lake. Kitambaa alikiweka kitini kwa mikono yake mwenyewe, mara nne, na hakukiandika.

Kukiondoa haikuwezekana. Naomi alipita hapo kila jioni, na jicho lake la kwanza lilikwenda kwenye kompyuta, kukitafuta kitambaa chake. Kwa hiyo Beda aliingia kwenye mipangilio, akainyima mausi ruhusa ya kuamsha kompyuta, akarudisha waya wa intaneti, wakaifunika. Matamvua yakacheza yatakavyo. Giza. Bi. Mwanvua akamimina chai.

Dakika ya kumi na moja, maua yakawaka tena.

Beda aliandika amri ya kuiuliza kompyuta nani kaiamsha. Safari hii ikaitaja kadi ya mtandao, pale unapochomekwa ule waya aliotoka kuurudisha.

"Wako wawili," alisema polepole.

Kwenye betri ilibaki taa moja, ya rangi ya chungwa. Gari la mwisho la Kilosa lilikuwa karibu kupita. Ndipo kutoka nyuma ya pazia ukasikika mlio mwembamba, ukakatika, ukaanza tena. Kifaranga kilikuwa kinalia ndani ya yai.

Bi. Mwanvua akaweka kikombe chini. "Izime kabisa. Na feni. Wateja wa leo waende ng'ambo."

Beda akazima vyote, akaandika daftarini: *Mausi, ndiyo. Kadi ya mtandao, kesho.* Akamuuliza mama kesho anafungua duka saa ngapi.

Bi. Mwanvua alikuwa keshaingia nyuma ya pazia, sikio kwenye mashine.

"Saa moja," alinong'ona. "Toka polepole."