Hodi ya Koleta

…na sasa anasema "nimeitengeneza", Amon huyu, mfanyakazi mwenzake, hata kope hazimchezi, mbele ya wageni wa ushirika wa asali, ati yeye, na Koleta amekaa kiti cha nyuma kabisa kama aliyeleta chai, umeitengeneza lini, kwa mikono ipi, programu-jalizi ile Koleta ameiandika masika yote chumbani kwake mtaa wa Cheyo, mvua ikipiga bati mpaka hasikii anachowaza, ichomekwe kwenye lile dirisha jeusi la amri za kompyuta, ukiandika amri ya kufuta ikuulize kwanza "Hodi?", usipojibu "karibu" haifuti kitu, na wazo lenyewe la mama, mama Godeliva wa Ulyankulu, asiyesogelea hata mzinga wake mwenyewe bila kugonga gogo na kubisha hodi, nyuki nao wana kwao, mwanangu… "Sisi Tabora tangu enzi za misafara tunajua kupokea wageni," anasema Amon, watu wanacheka, cheka nao, mwizi mkubwa we, shati la kunyoosha, akili ya kuazima… halafu Koleta anatazama ukutani, kioo cha kompyuta ya Amon kimemulikwa pale kikubwa, mwanzo wa mstari panatakiwa pawe na neno hodi la kijani, halipo, hee! amenakili folda akadhani kazi imekwisha, hakuitaja kwenye faili la mipangilio, programu imelala tu humo, haitamuuliza mtu kitu… "Sasa nafuta ramani ya mizinga yote, muone itakavyonizuia," na anaandika kweli, futa, futa baba, aibu ikuvae mchana kweupe, Koleta anajiegemeza kitini, mdomo wake ni wake… ramani ya mizinga yote, kila mti porini, na nakala ya akiba ni ya kabla hawajafika Ulyankulu kuandika mizinga, kabla ya mama na magoti yake yale mabovu, akitangulia njiani, andika na huu, Koleta, na ule wa marehemu baba yako… mchuma janga hula na wa kwao, wapi! hapa atakula mama peke yake, Amon atakunywa soda na wageni… kidole kiko juu ya Enta, anamalizia utani wake kwanza, na hasira ya Koleta haijapungua hata chembe, ila ilikuwa imemkalisha, sasa inamwinua, kiti kinakwaruza sakafu, vichwa vinageuka, kidole bado hakijashuka…

"Hodi, Amon," anasema, na sauti inayomtoka ni ya mama.