Tunda la Shule ya Uzamili

Foleni ya magari yanayongoja pantoni ya Ndundu ilikuwa imeshapita kona, na Sihaba akashukuru kimoyomoyo. Pantoni ikiharibika, abiria wa Lindi na Mtwara hushinda palepale kando ya mto, na mwenye njaa hachagui. Aligeuza chapati, akaipaka mafuta kidogo kuliko jana, akapaza sauti: "Za moto hizo! Na chai ipo!"

Unga wa ngano ulikuwa umepanda tena. Mwenye duka pale Ikwiriri alimjibu tu, "Soko huria, dada," kana kwamba soko huria ni mvua, haina wa kuulizwa. Basi Sihaba akawa anapunguza matonge, chapati zikazidi kusinyaa, hata utingo mmoja wa lori akamchokoza.

"Sista, hizi chapati au vifungo vya koti?"

"Kula ushibe, acha maneno," Mwanawetu alimjibu kwa niaba yake, huku akikaanga mihogo kwenye jiko la pili.

Mwanawetu alikuwa mtu wa kwao Dimani. Aliacha shule darasa la nne. Ndiye aliyempokea Sihaba aliporudi kutoka chuo kikuu na shahada ya uzamili ya uchumi wa kilimo, akakuta serikali imefunga ajira. Ofisi za wilaya pale Utete walimwambia nafasi zikifunguliwa wataita. Hawakuita. Mwanawetu akamwazima jiko, akamfundisha kukanda unga mpaka ulainike, na akamfichia siri. Huko Dimani watu walijua kwamba Sihaba yuko Ikwiriri, kazini.

Asubuhi hiyo gari jeupe la chuo liliipita foleni yote, likasimama mbele ya majiko. Akashuka Daktari Bashiru, mkurugenzi wa shule ya uzamili, suti yake imeshika vumbi la barabara.

"Sihaba! Tumekuulizia Utete nzima mpaka wakatuelekeza huku."

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Jiandae upesi. Shule inafunga mwaka wake wa masomo, tunaandaa taarifa ya mafanikio. Wafadhili wanataka kuona matunda yetu vijijini. Tunakwenda kwenu Dimani, na tunda lenyewe ni wewe."

Daktari aliliona jiko. Aliiona na mikono iliyojaa unga. Akatazama saa yake. Mwanawetu alimfuta Sihaba shavu kwa ncha ya khanga, akamvisha na ile khanga yenyewe, maana ilikuwa mpya kuliko yake.

Garini, walipoipita Bungu, Sihaba alijikaza.

"Daktari, mie sina kazi. Nitasimama pale niseme nini?"

"Kazi ni suala la serikali, binti. Sisi wajibu wetu kufundisha, na tumekufundisha. Watie moyo wazazi, basi. Usituharibie."

Dimani watu walikuwa wamekusanyika kwenye darasa lisilo na madirisha, wanawake mkekani, wanaume juu ya matofali. Daktari Bashiru alisoma mafanikio ya mwaka. Wahitimu wa uzamili wameongezeka. Tasnifu zimekamilika kwa wakati. Masomo ya uzamivu yamefunguliwa kwa fani mpya. Vyuo vya Ulaya vimetia saini ushirikiano, na kompyuta zimewasili. Watu walipiga makofi kila mwalimu mkuu wa shule ya kijiji alipopiga.

"Na haya si maneno matupu," alimalizia. "Mtoto wenu huyu hapa!"

Vigelegele vikapasua bati. Sihaba alisimama, macho chini. Mpiga picha wa chuo akapiga magoti kumlenga.

Hapo ndipo aliponyanyuka mjomba wake, Mtoro. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Kando yake alikaa bintiye, Hadija, aliyefaulu darasa la saba na kupangiwa sekondari ya bweni Morogoro.

"Mpwa wangu, karibu nyumbani," alisema Mtoro. "Mie nina swali dogo. Hadija kachaguliwa. Godoro, sare, nauli, michango, vyote vyataka fedha, na sina kitu ila mikorosho. Abbasi wa Kibiti yuko tayari kuinunua hata kesho. Nimengoja nikuone kwanza. Huko uliko, unafanya kazi gani?"

Sihaba alimtazama Hadija, aliyekuwa amejiinamisha mbele, midomo wazi. Akisema uongo, mjomba atauza shamba pekee alilo nalo. Akisema kweli, huyu mtoto atabaki nyumbani. Alitafuta neno la katikati katika yote aliyosoma, asilipate. Na yule aliyemuuliza alikuwa ndiye aliyemnunulia daftari la kwanza.

"Nauza chapati, mjomba," alisema. "Ndundu, pantoni."

Mtu alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akakatisha. Daktari Bashiru aliinuka haraka.

"Mnasikia? Mnasikia ndugu zangu? Hakungoja kuajiriwa! Kajiajiri mwenyewe! Hii ndiyo elimu ya zama hizi!" Akapiga makofi. Mwalimu mkuu akapiga. Kamera ikamulika.

Mtoro hakupiga. Alingoja makofi yaishe.

"Bwana mkubwa, nakuheshimu. Lakini Mwanawetu naye yuko hukohuko Ndundu anauza, na aliachia darasa la nne. Sasa hiyo shule ya juu imeongeza nini?"

"Mzee, maswali baadaye," alisema mwalimu mkuu. "Wageni wana safari."

Sihaba alimkimbilia mjomba wake nje, kwenye jua.

"Mjomba, usimtoe Hadija shule kwa ajili yangu. Ana akili kunishinda. Mambo yatabadilika."

"Lini?"

Sihaba akajifunga upya khanga ya Mwanawetu.

"Sikulaumu, mwanangu," alisema Mtoro kwa upole, na upole huo ukamchoma kuliko matusi. "Ungenidanganya ndiyo ningekulaumu. Lakini mikorosho ikishauzwa hairudi. Na huyu ana wadogo zake."

Alimshika Hadija mkono. Mtoto aligeuka mara moja kumtazama Sihaba. Hakulia. Alimtazama kama mtu anayetazama gari lililomwacha.

Safari ya kurudi Daktari Bashiru alikuwa na furaha. "Kujiajiri," alisema. "Nitaliweka mwanzoni kabisa mwa taarifa. Wafadhili wanalipenda." Wakamshusha penye majiko, gari likapewa nafasi ya mbele kwenye foleni.

Shule za sekondari zilikuwa zimeshafunguliwa pale lori la mkaa liliposimama Ndundu, akashuka Hadija na kifurushi kichwani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Baba kasema, kama mwisho wa kusoma ni hapa, basi nianzie hapa."

Mwanawetu alisogea kwenye benchi kumpisha akae. Sihaba alitaka kumwambia mtoto apande lori lilelile arudi. Alitaka kumwambia kwamba baba yake kakosea. Lakini abiria walikuwa wanaita, mafuta yameshapata moto, na kabla hajapata la kusema, Hadija alishanawa mikono.