Yowe Lisilo na Nyayo

Redio ilisema ni wananchi wenye hasira kali. Modesta alilisikia hilo akiwa amekaa kwenye benchi la wodi ya wanaume, bakuli la uji wa ulezi limepoa mapajani. Mtangazaji alilisoma kwa sauti ileile aliyosomea bei ya mahindi: mwanamume mmoja, mkazi wa wilaya ya Tarime, amejeruhiwa vibaya na wananchi wenye hasira kali baada ya kutuhumiwa kuiba ng'ombe. Kisha ukaja muziki.

Mwanamume huyo mmoja alikuwa amelala mbele yake. Taya limefungwa bandeji, mguu wa kulia umeinuliwa kwa kamba, mkono wa kushoto umetiwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Alikuwa Machage, mume wake, mfyatua matofali. Pingu ile ilimuuma Modesta kuliko ule mguu. Mguu ungeunga siku moja, vizuri au vibaya. Jina la mwizi wa ng'ombe, katika nchi ile, haliungi. Mtu hufa nalo, na watoto wakalirithi pamoja na shamba.

Machage alizaliwa Kenyamonta, ng'ambo ya Mto Mara. Alipomwoa Modesta akanunua kiwanja Nyabikoro, kitongoji cha wakwe zake, kwa sababu udongo wa bondeni pale ulikuwa mzuri, na nyumba nyingi mpya za kitongoji zilisimama kwa matofali yake. Walimtania. Mura wa ng'ambo, yaani kijana wa ng'ambo, walimwambia, mto ulipokutapika ulikosea upande. Naye alicheka, akawajibu kwamba mto ulimleta kwa sababu uliwahurumia kwa vile walivyokuwa wakilala kwenye nyumba za udongo zilizoinama kama walevi.

Mwezi ule aliopigwa, ng'ombe waliibwa kitongoji cha jirani. Nyayo zilifuatwa mpaka mtoni, zikaishia majini. Tangu hapo utani ukabadilika sura. Werema, kaka yake Modesta, aliyebaki na boma la marehemu baba yao, alianza kusema kilabuni kwamba hakuna haja ya kuvuka mto kutafuta wezi wakati mmoja wao tunamlisha hapahapa. Watu walinyamaza na bia zao. Katika kunyamaza kule Werema akasikia ruhusa.

Siku yenyewe jua lilikuwa bado juu ya migomba. Modesta alikuwa anachimba mihogo kwenye shamba la mteremkoni, chini yake boma la kwao lote likionekana. Alimwona Werema akitoka nje, akiweka mkono mdomoni, akipiga yowe. Lilikuwa yowe la ng'ombe, na kwa Mkurya yowe hilo halina hiari. Kila mwanamume aliyelisikia anakimbia kulifuata, awe anakula, awe anaoga, awe amegombana na mpigaji tangu utotoni. Asiyekimbia ataulizwa kesho alikuwa wapi, na jibu lake litapimwa vibaya. Wakifika, kitu cha kwanza ni nyayo. Wanaangalia chini kabla ya kumwangalia mtu.

Modesta alitazama ndani ya boma. Ng'ombe wote walikuwemo, wanacheua. Ndama wamefungwa. Alidhani kaka yake ameona wezi mbali huko, akanyoosha shingo kutazama, na alichokiona ni mumewe. Machage alikuwa anapanda kutoka bondeni, udongo umemkauka mikononi mpaka kwenye viwiko, fimbo mkononi, anakimbia kwa pumzi zake zote kuwahi boma la wakwe.

Werema alimsubiri afike karibu. Ndipo akamnyooshea kidole mbele ya wote waliokwishakusanyika, akasema: "Huyo. Watu wa ng'ambo wote ni wezi, na leo tunasafisha kijiji."

Hakuna aliyeuliza nyayo. Waliopiga kwa fimbo walipiga kwa fimbo, na waliokuja mikono mitupu waliokota matofali, matofali ya Machage mwenyewe, yaliyopangwa kando ya boma kwa ajili ya jiko jipya la mama mkwe. Modesta aliteremka anaanguka anainuka. Alimlalia mumewe kichwani, na kwa kuwa alikuwa binti wa pale, mikono ikasita.

Inspekta Clement, mpelelezi aliyehamishiwa huku kutoka Songea, alimpokea Modesta vizuri kituoni. Alimpa kiti, akampa pole, akamwita mama ingawa walikuwa rika moja. Jalada lililokuwa mezani lilimtaja Machage kama mtuhumiwa, amekamatwa eneo la tukio akiwa na fimbo. Modesta hakulia. Alimwomba afande amjibu swali moja: tangu afike Tarime, amewahi kuona mwizi anayekimbia kulifuata yowe?

Inspekta aliweka kalamu chini. "Endelea, mama."

Akaendelea. Alimwambia ng'ombe walikuwa ndani. Alimwambia nani alipiga yowe, na alipolitaja jina la Werema alisikia kitu kimekatika ndani ya kifua chake, kikakatika moja kwa moja. Alimwambia na yale maneno, yote, na kundi zima lililoitikia. Inspekta aliandika kila kitu, kisha akamsomea kosa atakaloshtakiwa Werema: kusababisha madhara makubwa mwilini.

"Na sababu?" Modesta akauliza. "Utaandika wapi kwamba alipigwa kwa kuwa ametoka ng'ambo?"

"Maneno nimeyaweka kwenye maelezo yako. Lakini kosa la kuchukia watu wa mahali fulani, kosa lenye jina lake kwenye hati ya mashtaka, mimi sina. Sheria inaniuliza nani kapiga, kaumiza wapi, kiasi gani. Hakimu akitaka atayaangalia maneno hayo wakati wa adhabu."

"Na akiwa hataki?"

Inspekta alilifunga jalada. Aliagiza pingu ifunguliwe siku hiyohiyo, na hilo Modesta hatalisahau. Lakini usijidanganye, msomaji. Katika nchi hii, mtu akiibiwa kuku, kuna mahali pa kuandika kuku. Akipigwa kwa ajili ya kwao alikozaliwa, kwao hapaandikwi.

Mama yake, Boke, alikuja hospitali na chupa ya maziwa ya mgando. Modesta alimwamkia shikamoo, mama akaitikia akitazama dirisha. Alieleza kwamba wazee wameketi ritongo, baraza lao la usuluhishi, wamekubaliana Werema atoe ng'ombe mmoja na mbuzi wa kula pamoja, na kesi irudi nyumbani. Modesta aliuliza kama huko kwenye ritongo kuna mtu aliyesema kwamba Machage si mwizi. Mama alisema hilo halikuzungumzwa, watu walizungumza amani.

"Niliwazaa wote wawili," Boke akasema mwishoni. "Ukienda kumfunga mmoja, mimi nitakaa kwa nani?"

Modesta aliyamimina maziwa kwenye kikombe, akampa mumewe kwa mrija, taratibu, maana taya lilikuwa halijafunguka.  Siku ya kesi alikwenda mahakamani.

Mashahidi wa Nyabikoro walipanda kizimbani mmoja mmoja, na wote walisema waliona vumbi tu, si mtu. Nchagwa, kijana jirani ambaye Modesta alimwona kwa macho yake ameinua tofali, naye aliona vumbi. Vumbi, katika msimu wa mvua. Wakili wa serikali, Salome, mwanamke mwembamba asiyepoteza neno, aliwabana mpaka wakatoka jasho, lakini vumbi halikutua. Alibaki Modesta peke yake, na alisema yote huku amemtazama kaka yake usoni. Salome akamwomba ayarudie maneno ya Werema, akayarudia, na karani akayaandika.

Kisha Werema akajitetea, tena kwa upole. Alisema ni kweli alimpiga shemeji yake, na anajuta. Alisema walikuwa na mgogoro wa mpaka wa kiwanja, hasira zikampanda, na hayo mengine ya ng'ambo ni maneno ya hasira tu, kila mtu huyasema.

Mgogoro wa kiwanja haukuwahi kuwepo. Ila ulikuwa na umbo ambalo mahakama inalijua. Hakimu alisoma hukumu yake akiwa amevaa miwani ya kusomea: Machage hana hatia yoyote ya wizi, wala hakuna ng'ombe aliyeibwa. Mshtakiwa ametiwa hatiani. Hata hivyo, kwa kuwa mshtakiwa na mlalamikaji ni mashemeji, na kwa kuwa huu ni ugomvi wa kifamilia, mahakama inampa kifungo cha nje na kumwamuru alipe gharama za matibabu.

Hapo ndipo Modesta alipoelewa. Angekaa kimya, Machage angebaki mwizi aliyepigwa na wananchi wenye hasira kali. Alisema, akamtoa ndugu yake wa tumbo moja, na udugu ule ule ukatumika kuufunika ukweli. Kundi zima la watu liligeuka kuwa shemeji mmoja. Mto Mara wote ulikaushwa pale mahakamani, usionekane. Salome alisimama akaanza kusema juu ya maneno yaliyotamkwa siku ile, hakimu akamwambia hukumu imeshasomwa, kama hajaridhika njia ya rufaa anaijua. Salome alisema anaijua. Aliandika kitu pembeni ya karatasi yake, akapigia mstari chini, kwa nguvu.

Nje, Werema alipita karibu na dada yake, mikono mfukoni.

"Umesikia, dada. Ugomvi wa kifamilia."

Machage alirudi nyumbani akijikongoja kwa gongo. Watu walimsalimia sasa, hata wakazidisha. Mwizi hakuwa tena, mahakama imesema, na wengine walitaka hilo liwe mwisho wa habari. Akakaa kivulini anatazama tanuri lake lililoota majani. Boke hakuja. Modesta alipeleka unga kwa mama yake mara moja, akaukuta umerudishwa nje ya mlango wake mwenyewe kesho yake, haujafunguliwa.

Asubuhi moja, umande umeshakauka, lilipigwa yowe upande wa juu. La ng'ombe.

Machage aliishika fimbo yake.

"Nisipokwenda watasema nimejificha," alisema. "Nikienda, watasema wamenikamata."

"Kaa," Modesta akamwambia. "Usitoke."

Aliichukua ile fimbo mkononi mwake. Yowe la ng'ombe ni la wanaume, tangu zamani, na mwanamke akitoka ni kwa kuwaita watoto ndani. Alipita mlangoni hivyohivyo, mpaka pale njia inapobana kati ya tanuri la matofali na chemchemi, ambapo kila anayetoka bondeni hupita. Akasimama katikati. 

Wa kwanza kufika alikuwa Nchagwa, mkuki mkononi, nyuma yake kundi linapumua. Alitaka kumpita. Modesta aliinyoosha fimbo ikamgusa kifua.

"Nyayo ziko wapi?"

Nchagwa alimtazama, akatazama fimbo, akaijua ni ya nani. Wengine walipita kando kwa kukanyaga mahindi, wakimtukana bila kusimama.

"Hatujaziona," Nchagwa akasema.

"Basi mnamkimbilia nani?"

Kijana alisimama pale, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Alitazama matofali, yale yaliyobaki kwenye tanuri, kwa muda mrefu kuliko matofali yanavyohitaji kutazamwa. Kisha akauchomeka mkuki wake ardhini, akageuka, akaanza kuwauliza nyayo waliokuwa wanakuja nyuma.