Mstari Niliouruka

Nyumbani kwetu kiti kikikaa kitupu nusu saa, mimi hutoka mlangoni kukitafutia mtu. Mdogo wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, ni wa kushona na kunyamaza. Basi tuligawana nyumba: yeye akachukua meza kubwa ya sebuleni, mimi nikachukua sehemu iliyobaki pamoja na watu wote wanaoweza kuenea humo.

Kompyuta inakaa kwenye pembe ya meza ile. Mumewe Fundi, shemeji yangu, kazi yake ni kupanda minara ya simu, na akitoka ametoka wiki sita. Zamani kompyuta ilikuwa inaugua virusi kila mteja akituchomekea kitu chake, hadi Shemeji akafuta kila kilichokuwemo na kuweka mfumo mwingine, Linux. Tangu hapo haikupiga hata chafya. Fundi akajifunza kuchorea humo pateni zake, yaani vipande vya nguo kabla mkasi haujapita: kola, mikono, sketi za shule, majoho ya kwaya. Miaka tisa ya kichwa chake imo humo.

Ndiyo maana Shemeji alileta diski ya nje ya kuwekea nakala. Ni kisanduku cheusi chenye waya wake wa umeme na taa ya buluu. Akabandika ukutani karatasi yenye mistari miwili ya kuandika kila Ijumaa. Wa kwanza unaifunga diski kwenye folda inayoitwa Akiba, ili kinachoingia humo kiende kwenye diski. Wa pili unanakili kazi yote ya Fundi na kuipeleka Akiba. Alinifundisha mimi, maana Ijumaa alasiri Fundi huenda kupeleka nguo za watu. Nilikuwa naandika kwa kidole kimoja huku wageni wangu wananitazama kama naendesha ndege.

Sasa Jumamosi moja asubuhi, chai haijapoa, kompyuta ikaanza kulia. Tak. Tak-tak. Kama mtu anagonga ukucha kwenye bilauri.

Sebuleni tulikuwa wanne. Fundi alikuwa mezani na kitambaa cheupe amekitandaza. Mama mdogo, aliyekuja kwetu kutibiwa goti na goti likapona naye akabaki, alikuwa kwenye sofa. Jirani yetu tunayemwita Kasuku alikuwa karibu yangu, na habari za ndoa moja ya mtaa wa pili zimefika patamu.

"Hicho nini kinacholia?" akauliza Mama mdogo.

"Diski ya ndani," Fundi akasema. Akaweka mkasi chini. "Inakufa."

Kasuku akaiacha ile ndoa ya watu njiani.

Niseme wazi palikuwa na nini. Hospitali ilikuwa inafungua wodi mpya Alhamisi, na wauguzi arobaini walitakiwa wavae sare mpya. Muuguzi mkuu alichoshwa na sare zinazobana hapa na kupwaya pale, akataka kila mmoja apimwe peke yake. Walipita sebuleni kwetu kwa siku mbili, Fundi tepu shingoni, anapima na kuandika papo hapo kwenye kompyuta, kila muuguzi na faili lake. Hakuandika popote pengine. Kukata kulitakiwa kuanza asubuhi hiyo hiyo.

Hata hivyo Fundi hakuhangaika. Alimpigia mumewe, akaweka simu mezani ikiwa wazi tusikie sote.

"Usiizime," Shemeji akasema, na upepo wa mnarani unavuma nyuma yake. "Ukiizima inaweza isiamke. Nakala si mnazo? Andika mstari wa kwanza, fungua Akiba, utazame tarehe."

Fundi akaandika. Taa ya buluu ilikuwa inawaka vizuri. Akafungua Akiba, akainama karibu na kioo.

"Tarehe ya mwisho ni ya mwezi wa pili," akasema.

Tulikuwa mwezi wa saba.

"Haiwezekani," Shemeji akasema. "Dada yako kila Ijumaa ananitumia ujumbe, 'Tayari, bosi.' Hebu itenganishe diski, iache folda peke yake, halafu tazama tena."

Fundi akaitenganisha. Akatazama. "Sasa naona ya jana."

Shemeji akauliza taratibu, kama mtu anayepapasa ngazi gizani: "Shemeji, upo hapo?"

"Nipo," nikasema.

"Ule mstari wa kwanza huwa unauandika?"

Mwezi wa pili ndio alioingia Mama mdogo. Nyumba ilikuwa imejaa, soketi zote zina simu za watu, nami nikachomoa waya wa diski ili Mama mdogo apate chaji. Ijumaa hiyo nilipoandika mstari wa kwanza, kompyuta ilinigombeza kwa Kiingereza, mistari mitatu ya ukali. Nikaandika wa pili. Wa pili ukatiririka vizuri mno, majina ya mafaili yanashuka kama mvua, mwisho ukatulia. Nikajiambia, huu wa pili ndio wenye kazi, huu wa kwanza una gubu tu. Wiki iliyofuata nilirudisha waya kwenye soketi, taa ikawaka, lakini mstari wa kwanza nilikuwa nimeshauacha.

Mama mdogo alikuwa pale pale na goti lake zima. Ningeweza kumtupia yeye, na wala asingebisha.

"Niliuacha," nikasema. "Tangu mwezi wa pili. Ulinigombeza nikauruka."

"Basi," akasema Shemeji, "diski isipofungwa, folda ya Akiba inabaki kuwa folda ya kompyuta yenyewe. Ni kama chumba cha mgeni. Mgeni hayupo, chumba kipo. Ulikuwa unaipa kompyuta vitu vyake yenyewe, kila wiki, miezi mitano."

"Mungu wangu," akasema Kasuku, na nikaona jinsi anavyoyaweka maneno hayo mahali pa kuyakumbuka.

Fundi hakunitazama. Alichukua pini moja iliyokuwa imeanguka kwenye kitambaa, akaichomeka kwenye kimto chake cha pini, akachukua nyingine. Mdogo wangu angenipigia kelele ningejua pa kujiweka. Yule huwa anaokota pini.

"Tufanye nini?" akamuuliza mumewe.

Shemeji akampa maagizo naye akaandika. Kwanza ile folda ya uwongo ibadilishwe jina, isizibwe na diski. Fundi akaipa jina Uwongo, hivyo hivyo, herufi kwa herufi, nami nasoma. Halafu diski ifungwe kweli. Halafu wauguzi wanakiliwe kwanza, pateni baadaye. "Na hiyo meza," akamalizia, "isiguswe. Diski inayogonga hivyo, mtu akijikwaa kwenye mguu wa meza imekwisha. Saa tatu nzima, asipite mtu hapo."

Fundi sasa akanitazama.

"Nimekuelewa," nikasema.

Nikamshika Mama mdogo mkono. "Tunahamia nje."

"Nje kuna nini?"

"Hewa."

"Hewa hata humu ipo, tena imekaa."

Lakini aliinuka. Nikatoa viti, nikatoa mkeka, nikatoa birika. Nikajiweka kwenye kizingiti, mgongo ndani, uso barabarani. Mimi, ambaye sijawahi kumwambia mtu "wenyewe wamelala," nikaanza kufukuza watu mlangoni pangu.

Wa kwanza kuja alikuwa muuza vitambaa, na mzigo begani. "Dada, naweka tu ndani natoka."

"Weka hapa hapa chini."

"Vitachafuka!"

"Basi vishike. Leo hakuingii mtu."

"Kuna nini?"

Kabla sijajibu Kasuku akanidakia, kwa sauti ya wodini: "Kuna mgonjwa. Hali si nzuri."

"Kasuku!"

"Kwani nimedanganya?"

Haikupita nusu saa, habari ilikuwa imezunguka mtaa na kurudi imenenepa. Kinyozi akaja na kofia mkononi kuuliza kama tumepata gari la kumpeleka hospitali. Mama wa duka akaja na machungwa. Kila mmoja nikamwambia ukweli, kila mmoja akacheka, na kila mmoja akakaa. Uani pangu hapakuwahi kujaa vile. Tofauti ni kwamba walikuwa wanacheka kwa kunong'ona, viganja midomoni, na mimi nawakata jicho mmoja mmoja. Ndani nilisikia tak, kisha kimya kirefu, kisha tak-tak. Nilikuwa najua umbea wa nyumba sita barabara ile, lakini sikumbuki hata neno moja nililosikia asubuhi ile.

"Na ikifa kabla haijamaliza?" kinyozi akaninong'oneza.

"Arobaini wote warudi kupimwa. Na pateni za miaka tisa achore upya."

"Fundi atakusamehe?"

"Kula chungwa," nikamwambia.

Karibu na saa sita Fundi akanita. Niliingia kwa ncha za vidole. Simu ilikuwa mezani, Shemeji bado yupo hewani.

"Pateni zimepita," Fundi akasema. "Mbili tatu zimekataa, za zamani, sizijali. Wauguzi ndio. Kumi na tisa wamekataa kusomeka."

Nikakaa kwenye kiti bila kuambiwa, nikakumbuka meza, nikasimama.

"Subirini," Shemeji akasema. "Kasoro iko sehemu moja moja za diski ya ndani. Lile faili lililoharibika hapa, nakala yake inaweza kuwa nzima pengine. Jaribu wale kumi na tisa kutoka kwenye ile Uwongo."

Fundi akaandika. Tak-tak. Tukasubiri tumeinama wote wawili, vichwa vinakaribia kugusana, kama tulivyokuwa tukisoma barua za baba enzi hizo. Majina yakaanza kushuka. Akahesabu kwa midomo.

"Kumi na wawili wamepatikana."

Simu ikaangua kicheko. "Shemeji! Kosa lako limetuokolea watu kumi na wawili!"

"Usimsifu," Fundi akasema, lakini pembe ya mdomo ilimcheza. Akaendelea, "Wamebaki saba."

Kompyuta ikagonga mara tatu mfululizo, kioo kikaganda. Fundi akaiangalia kidogo, kama anavyoiangalia nguo iliyoisha, akaondoa waya wa diski ya nje kwa mikono miwili na kuiweka kwenye kabati lake la nyuzi.

"Nitaazima ile kompyuta ndogo ya binti wa kinyozi, nayo ina Linux," akasema. "Naanza kukata wale thelathini na watatu. Hao saba nitajie walipo."

Akanisomea majina aliyokuwa ameandika kiganjani. Hapo nilikuwa kwenye uwanja wangu. Mrefu wa wodi ya macho alikuwa zamu ya mchana. Wawili wa maabara hutoka pamoja saa nane kwa sababu wanapika pamoja. Yule wa wodi ya watoto aligombana na mwenzake akahamia ghorofa ya juu. Niliwajua wote mahali walipo na sababu ya kuwa pale.

"Nawaita waje," nikasema.

"Hawana nafasi ya kuja tena. Utawafuata wewe." Akavua tepu shingoni. Tepu ile hakuna aliyeishika katika nyumba hii, hata Shemeji. Akanizungushia kifuani. "Hapa, si hapa. Usivute. Kidole kimoja kipite ndani. Kiuno muulize ajikunje upande, panapokunjika ndipo. Andika kilichosomeka, si anachokuambia."

"Sawa."

"Na Ijumaa bado ni yako," akasema, anakunja mikono. "Ila nikirudi nitachagua faili moja, lolote nitakalotaka, nilifungue kutoka kwenye diski mbele yako. Kila Ijumaa."

"Hata mawili," nikasema.

Niliwapimia kwenye chumba cha mashuka cha hospitali, mmoja mmoja, mlango umeegeshwa. Wa wodi ya watoto alikuwa wa mwisho. Akachungulia daftari langu.

"Kiuno hicho si changu! Juzi kilikuwa chembamba kuliko hapo."

"Mama, tepu haina ugomvi na wewe."

"Toa mbili basi."

"Siwezi. Leo siruki kitu."

Akacheka hadi akashika rafu ya mashuka. Nilimwomba karatasi, nikaketi juu ya bunda la mashuka, nikanakili namba za vipimo vya wote saba upya kutoka kwenye daftari, nikazikagua moja moja kwa kidole, nikampa karatasi.

"Ya nini?"

"Weka mfukoni. Usiitoe, usimpe mtu, mpaka nikupigie."

"Kwani daftari lina nini?"

"Halina kitu. Kaa nayo tu."

Nilirudi kwa miguu, daftari nimelibana kwapani. Uani walikuwa bado wamejaa, wananisubiri kwa hamu ya kusikia, nikawapita. Fundi alikuwa na kompyuta ya kuazima kwenye pembe ya meza na vipande vyeupe vimerundikana kando. Nikamsomea, akaandika. Akachomeka diski, akanisogezea kibodi. Nikaandika mimi mistari yote miwili. Kisha akafungua kutoka kwenye diski, mmoja baada ya mwingine, wote saba, na wa wodi ya watoto alimfungua mara mbili, kwa uchokozi tu.

"Wapo," akasema, akachukua mkasi.

Nikatoka uani, nikampigia simu yule wa wodi ya watoto. "Sasa unaweza kuichana ile karatasi," nikamwambia.