Makumbi Hayamo Pichani

Picha ile niliipiga mwenyewe, na ndiyo iliyotaka kuwapokonya pwani wanawake wa kwetu.

Ilikuwa mwaka 1960. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha ualimu Unguja, na kamera ya sanduku niliyoinunua kwa mtu aliyechoka nayo. Siku za mapumziko nilipanda baiskeli hadi kaskazini ya Tumbe nikapiga picha majabali, mawe meusi yenye meno na mawimbi yakipasuka juu yake. Moja niliipenda kuliko zote. Ilionesha kihori chetu, kighuba chembamba kati ya majabali mawili, maji yamejaa hadi ukingoni, hayana hata kunyanzi. Ilipata zawadi katika maonyesho ya Wete, ikatundikwa ofisini kwa mpimaji ardhi, Bwana Abrahman.

Miezi minne baadaye vigingi vinne vilichomekwa kwenye kihori kile. Pangejengwa nyumba ya wageni, na ukuta wa kuizunguka pwani yote. Shangazi yangu, Bi Mwatum, alikwenda Wete na wenzake sita kulalamika. Mimi nilifuatana nao kuwasomea karatasi.

"Mna nini pale?" aliuliza Bwana Abrahman.

"Makumbi yetu," alijibu shangazi. "Shimo langu nimerithi kwa mama, naye kwa mamake."

Bwana Abrahman hakufungua hata faili. Alinyoosha kalamu ukutani. "Picha ile kapiga kijana wenu. Nioneshe shimo, Bi Mwatum. Maji na mawe tu. Pwani tupu."

Wanawake wote waliitazama picha, kisha wakanitazama mimi.

Njia nzima walitangulia mbele, mimi nyuma. Tulipofika nyumbani ndipo shangazi aliponigeukia. "Miaka miwili chuoni, Msellem. Hukufundishwa kuwa maji hutoka?"

"Kafundishwa," alidakia jirani yetu Mwanamize. "Lakini makumbi yananuka, na yeye picha yake aliitaka inukie."

Walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Tangu mdogo nilijua kilichokuwa chini ya maji yale. Kila mwanamke hufukia makumbi ya nazi matopeni, akayazungushia mawe yake, akayaacha miezi yalainike. Kisha huyafukua, huyaponda na kusokota kamba. Sare zangu za skuli zilitoka kwenye kamba hizo. Siku niliyopiga picha ile nilikaa juu ya jabali kusudi, nikangoja maji yayafunike makumbi, nikidhani matope yataniharibia uzuri.

"Nitapiga nyingine," nikasema. "Siku ya bamvua, maji yakitoka kabisa. Nanyi kila mtu asimame kwenye shimo lake."

"Sura yangu ikatundikwe ofisini, kila apitaye anitazame?" shangazi alisema. "Sitaki. Mawe yetu yapo pale. Piga mawe."

Jumamosi ya bamvua, saa nne asubuhi, maji yalikuwa mbali. Wanawake walikuwa wameshafukua kidogo kila shimo, wakaweka juu yake fungu la makumbi meusi. Kisha wakaenda kukaa nyuma ya mwamba. Nilipanda jabali nikalala kifudifudi, mawe yakinichoma viwiko. Nilikuwa sijapata kukiona kihori kutoka juu namna ile. Duara arubaini na moja za mawe zilikaribiana kama nyumba za mtaa, na vijia kati yake.

Filamu ilikuwa na picha nane. Nilikuwa nimepiga tatu niliposikia sauti chini.

"Mwalimu! Shuka!" Alikuwa Bwana Abrahman, na watu wawili wamebeba vigingi zaidi. "Wewe unakula mshahara wa serikali!"

"Leo Jumamosi, Bwana," nikamjibu.

"Ukiipeleka picha hiyo popote, darasa huna!"

Alikuja moja kwa moja kunifuata, mguu ukazama hadi gotini katika shimo mojawapo. Harufu ya miezi sita ilipanda mpaka nilipolala.

"Hebu!" shangazi alipiga kelele kutoka nyuma ya mwamba. "Kaingia kwangu na viatu, hata hodi hakupiga!"

"Mkaribishe basi, Bi Mwatum!" alisema Mwanamize, na vicheko vikajaa kihorini.

"Akitoka anirejeshee mawe yangu kama yalivyokuwa!"

Nilipiga ya nne. Niliwafikiria watoto wangu wa darasa la tatu, ambao ndio kwanza nilikuwa nimeyajua majina yao yote. Nikazungusha filamu.

"Shuka, nakwambia!"

"Bado nne, Bwana."

Picha zilipotoka kusafishwa Chake, nakala moja niliituma Unguja pamoja na malalamiko yetu. Nyingine niliipeleka Wete asubuhi mapema. Niliing'oa ya zamani, nikatundika mpya kwenye msumari uleule. Chini yake nilikuwa nimeandika kwa wino majina arubaini na moja, kila jina na shimo lake.

Bwana Abrahman alipoingia aliisoma yote hadi jina la mwisho. "Ishushe," akasema.

"Yangu nimeshaishusha, Bwana. Hii ni yao."

Alinyanyua mkono kuelekea msumarini. Hapo mlango ukafunguliwa. Shangazi aliingia na wenzake sita, akaweka mezani vigingi vinne, vimefungwa pamoja kwa kamba mpya ya makumbi.

"Shikamoo, Bwana," alisema. "Vyako hivi. Kamba utanirejeshea."