Mafuta Laini

Fundi bomba alikuwa ameshavuliwa shati, ameshalazwa mezani, na waya mwembamba umeshapitishwa mkononi mwake mpaka kwenye mshipa wa moyo, ndipo daktari aliposema, "Hebu tusimame kwanza."

Wasimame? Fundi hakuamini masikio yake. Ukishafungua bomba la mtu, humwambii tusimame. Hata kama hujui unachokiona, unakunja uso, unaomba spana kubwa, kazi inaendelea. Fundi anayesita mbele ya mteja amejifukuza kazi mwenyewe.

"Kwani kuna nini, daktari?"

Daktari, mwanamke wa makamo asiye na papara, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Picha ya jana ilionyesha mshipa umebana, wakakubaliana watie puto dogo, walijaze, mshipa utanuke. Leo kamera ilikuwa imeingia ndani ya mshipa wenyewe. Fundi aliona duara la kijivu lenye kivuli ubavuni, wala halikumtisha.

"Hicho kivuli ni mafuta," daktari alisema. "Laini mno, na utando ulioyafunika ni mwembamba. Nikilijaza puto hapo, yanaweza kupasuka, vipande vikaenda kuziba mishipa midogo ya mbele."

"Sasa laini si ndiyo nafuu? Mimi kinachonitoa jasho ni kutu. Tope unalisukuma na maji tu, linakwenda zake."

"Linakwenda wapi?"

"Nje."

"Humu hakuna nje, mzee wangu."

Daktari akamweleza taratibu: wanaweza kuendelea leo kwa tahadhari zote, au watoe waya, anywe dawa za kuyatuliza hayo mafuta miezi kadhaa, kisha wapige picha nyingine.

"Na yakipasuka mimi bado nangoja?"

"Inawezekana. Ila kwa ninavyoona, hatari ya leo ni kubwa zaidi."

"Una uhakika?"

"Sina. Picha inanionyesha hatari ilipo. Hainiambii itatokea lini."

Hapo fundi alichanganyikiwa kabisa. Jana mwanamke huyuhuyu alikuwa anajua kidogo, na alikuwa jasiri. Leo amejua zaidi, anasitasita. Elimu gani hiyo? Akaomba aitiwe mkewe.

Mkewe aliingia amevalishwa joho la hospitali lililomzidi, akasimama karibu na mlango.

"Kwa hiyo ni mgonjwa kuliko jana?"

"Hapana, mama. Ni yuleyule wa jana."

"Basi mbona jana alikuwa wa kuzibuliwa, leo haguswi?"

"Kwa sababu leo tumeona."

"Si mngeacha kuona!"

Fundi akacheka, maana mkewe hakuwahi kumwachia mtu neno la mwisho tangu amuoe. "Waendelee tu," akasema. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Hata yakiwa na mamba?"

"We mwanamke, moyo ni wangu."

"Na mjane ni nani? Heri nusu shari kuliko shari kamili. Daktari, mtoe huo waya."

Daktari hakuutoa. Alimtazama fundi, akangoja. Fundi akatazama tena kile kivuli, akatafuta ubaya wake, hakuuona. Mwisho akasema, "Haya, toeni," kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi asiyoielewa.

Kesho yake waliruhusiwa kurudi nyumbani. Walitoka polepole, yeye na bandeji yake mkononi, mkewe na mfuko wa dawa. Kifua hakikumuuma, njaa ilimuuma, jua lilikuwa zuri. Mtu mzima kama yeye anaumwa nini hasa? Akaona bora amchokoze mkewe, wazozane kidogo, dunia irudi mahali pake.

"Kesho napanda juu ya paa la yule mwalimu," akasema. "Tangi lake linavuja. Nalibeba mwenyewe, peke yangu."

Akajiandaa kutukanwa. Angeitwa mkaidi, sikio la kufa, kichwa maji.

Mkewe akampangusa bega, kana kwamba lina vumbi.

"Sawa, mume wangu," akasema. "Wewe twende tu taratibu."

Fundi akasimama, akashika ukuta wa geti. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kujibiwa hivyo. Akamtazama mkewe usoni, na kile alichokikosa kwenye kioo cha daktari akakiona pale. Aliogopa, akaogopa kwelikweli, na akaanza kulia mbele ya watu.